Kuku wa Mtoto ni wa Mtoto



Katika nyumba nyingi za mashambani kuna mzaha ambao kila mtu aujua. Husemwa ya kuwa kuku wa mtoto ni wa mtoto siku ya kumlisha, lakini siku ya kumuuza ni wa baba. Watu wazima husikia neno hilo wakacheka. Watoto hawacheki. Leo nataka tuliangalie jambo hili bila kucheka, kwa kuwa naona hasara yake ni kubwa kuliko bei ya kuku mmoja.

Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, na kabla ya kushika kazi hii nilisomea ualimu. Kazi yangu ya kila siku ni kuandika majina ya wakulima, ekari zao, na magunia ya mbolea waliyochukua. Lakini mtu akisimama mbele ya meza haachi kuzungumza, na neno moja nalisikia karibu kila juma: "Vijana wa siku hizi hawapendi shamba." Nami humwuliza mzee swali moja tu: "Je, katika shamba lako kuna kitu gani ambacho kijana wako aweza kukiita changu?" Mara nyingi mzee hunyamaza kidogo, kisha hujibu, "Yote ni yake, mimi nikifa." Basi, mtoto wa miaka 12 hawezi kungojea kifo cha baba yake ndipo aanze kupenda kazi.

Ninyi wakulima wa skimu mna sababu ya kulielewa jambo hili kuliko watu wengine. Wengi wenu ni watoto au wajukuu wa watu waliokuwa maskwota katika mashamba ya walowezi. Skwota alifanya kazi ya bwana, naye akapewa ruhusa ya kulima kipande na kufuga wanyama wake. Wanyama hao walipoongezeka, maneno yalibadilika. Katika miaka ya 1920 mifugo ya maskwota iliondolewa kwa nguvu katika mashamba mengi, na wazee wakaliita tendo hilo kifagio, kwa kuwa mali yao ilifagiliwa kama takataka. Tena sheria ya mwaka 1937 ikazipa halmashauri za walowezi uwezo wa kuweka kipimo cha mifugo ya skwota na kuongeza siku za kumfanyia bwana kazi. Mtu alifuga kwa jasho lake, kisha mwenye ardhi akasema, "Wamezidi, waondoe."

Halafu mwaka 1962 ukaanza Mpango wa Ekari Milioni Moja. Aliyepata shamba alipata na deni la kulipa, na katika skimu nyingine mapato aliyohesabiwa mkulima, baada ya chakula cha nyumbani na kulipa mkopo, yalikuwa pauni 25 tu kwa mwaka. Hata hivyo watu walifanya kazi kwa moyo ambao hawakuwa nao zamani, walipokuwa wakiamshwa kwa kengele ya bwana. Udongo ulikuwa ule ule, na jembe lilikuwa lile lile. Kilichobadilika ni jina la mwenye shamba.

Sasa angalieni. Baba amwambia mwanawe, "Chukua kuku huyu, mfuge, ni wako." Mtoto anajenga banda kwa vipande vya mbao na bati kuukuu. Anaamka alfajiri, anateka maji, anafukuza mwewe. Kuku wanakuwa wanane, kisha kumi na wawili. Siku ya soko baba awatia kwenye kikapu na kwenda zake. Jioni hakuna maelezo wala shilingi moja. Mkulima huyo amefanya nini? Amepiga kifagio ndani ya boma lake mwenyewe.

Mama mmoja wa mashamba yetu alinieleza habari za binti yake aliyefanyiwa hivyo. Mtoto hakulia wala hakugomba. Miezi michache baadaye mama akanunua kuku mwingine, akampa binti amtunze. Binti alimtazama yule kuku, akauliza, "Huyu ni wa nani?" Hilo ndilo swali. Mtoto aliyekwisha jifunza kuuliza hivyo kuhusu kuku, kesho atauliza hivyo kuhusu ng'ombe, na kesho kutwa kuhusu shamba lenyewe. Tena hatauliza kwa sauti. Atapanda gari aende zake mjini, nawe utasema vijana hawapendi shamba.

Najua majibu ya wazee, maana nimeyasikia yote. Yafaa tuyapime moja moja.

La kwanza ni hili: "Mahindi anayokula kuku huyo ni yangu." Neno hili ni la haki, na dawa yake ni daftari. Mpe mtoto daftari moja la shule alichore mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja aandike matumizi, upande wa pili mapato. Kila kopo la mahindi linalotoka ghalani liandikwe kwa bei ya soko, hata kama hakulipa siku hiyo. Tuseme kwa miezi mitatu amechukua mahindi na pumba za shilingi 650, na chanjo imemgharimu shilingi 50. Jumla ya matumizi ni shilingi 700. Ameuza mayai 40 kwa shilingi 15 kila moja, yaani shilingi 600, na majogoo wawili kwa shilingi 800 kila mmoja, yaani shilingi 1,600. Jumla ya mapato ni shilingi 2,200. Akimlipa baba mahindi yake na kutoa gharama ya chanjo, atabaki na faida ya shilingi 1,500. Bei hizi ni za mfano tu. Wekeni bei za soko lenu. Lakini oneni ya kuwa baba amepata haki yake yote, na mtoto amepata yake, na hakuna aliyemdhulumu mwenzake. Tena mtoto huyo amejifunza hesabu ambayo wazazi wengi hawajaifanya kwa ng'ombe wao wa maziwa.

Jibu la pili ni zito zaidi: "Karo imenibana. Je, nimfukuzishe shule kaka yake, na huku kuku wanatembea uani?" La, hapana mtu mwenye akili atakayesema hivyo. Jamaa husaidiana siku ya taabu, na mtoto naye ni mtu wa jamaa. Lakini kuna njia mbili za kuchukua kitu, kukopa na kunyang'anya. Ukienda kwa jirani kukopa gunia la mahindi, unabisha hodi, unaeleza shida yako, na kutaja siku utakayorudisha. Kwa nini heshima hiyo umpe jirani, umnyime mwanao?

Hapa nitawaeleza habari za Munyaka. Wengi wenu mkija Eldoret kwa shughuli zenu hamfiki huko. Ni mtaa ulio upande wa Kapsoya, na jina lake kwa Kikuyu maana yake ni bahati. Eldoret ulipandishwa cheo kuwa jiji mwezi wa Agosti mwaka 2024, na kama ilivyo katika jiji lolote, viwanja ni vidogo. Hata hivyo, ukipita nyuma ya nyumba za Munyaka utaona sukuma wiki katika magunia yaliyojazwa udongo, kuku katika vibanda vya mbao za masanduku, na sungura katika vizimba vilivyoinuliwa kwa miguu ili mavi yaanguke chini na sakafu ikae kavu. Vitu hivyo vingi vimetengenezwa kwa mabaki: debe lililotoboka, tairi kuukuu, waya uliookotwa mahali nyumba inapojengwa. Na mafundi wake mara nyingi ni watoto.

Katika nyumba moja huko kijana alikuwa na sungura wake. Mwezi wa Januari kaka yake alitakiwa kwenda shule ya sekondari, na baba akapungukiwa na shilingi 3,000. Baba hakuwakamata sungura. Alimwita kijana sebuleni, mama yake akiwapo, akamwambia, "Nina shida. Nakuomba unikopeshe." Kijana akakubali, sungura wakauzwa, na baba akaandika katika daftari la mtoto kwa mkono wake mwenyewe: nimekopa shilingi 3,000. Alilipa kwa mafungu matatu, na la mwisho alilitoa mwezi wa Mei. Niliuona ukurasa ule. Hapana shaka kaka angepelekwa shule kwa njia yoyote, na sungura wangeuzwa kwa njia yoyote. Lakini kwa njia hii kijana amebaki na sungura jike wawili, amebaki na imani kwa baba yake, na anajua jinsi mtu mzima anavyolipa deni. Nidhani somo hilo la mwisho lina thamani kuliko sungura wote.

Jibu la tatu ni hili: "Pesa zitamharibu mtoto." Pesa humharibu yule aliyezipata bila kuzifanyia kazi, na yule asiyefundishwa kuzitumia. Mtoto aliyeamka alfajiri miezi mitatu kwa ajili ya shilingi 1,500 hatazitupa ovyo kama unavyodhani. Mwelekeze azigawe: nyingine anunulie kuku wa pili, nyingine aweke akiba, na kidogo afurahie mwenyewe. Benki nyingi zina akaunti za watoto ambazo mzazi huziangalia mpaka mtoto afikie umri wa utu uzima. Kuziangalia si kuzichukua.

Na mgeni je? Mgeni aheshimiwe na achinjiwe kuku, ndiyo desturi yetu njema. Lakini heshima hiyo ni ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba ndiye ailipie. Mpe mtoto bei ya kuku wake kama ungemnunua sokoni. Usimtume mtoto wako kukaribisha wageni wako kwa mali yake.

Jambo hili si la watoto peke yao. Katika nyumba nyingi za wafugaji wa Bonde la Ufa, desturi ya zamani ilikuwa wazi: maziwa ya asubuhi yakiuzwa, ya jioni yalikuwa ya mama. Kwa hayo alilisha watoto, akatengeneza mursik katika kibuyu, na kidogo akauzia majirani apate chumvi na sabuni. Siku hizi mitambo ya kupozea maziwa imetuwezesha kuuza hata maziwa ya jioni. Hayo ni maendeleo, nayo ofisi yetu huyasifu. Lakini pesa za asubuhi na za jioni zikiingia katika akaunti moja yenye jina moja, fungu la mama limekwenda wapi? Bwana, ikiwa mke wako amepunguza bidii ya kukamua jioni, usiseme amekuwa mvivu kabla hujajiuliza swali la yule binti: maziwa haya ni ya nani?

Wazo la kumpa mtoto kazi iliyo yake halikuanza leo. Huko Marekani, katika wilaya ya Clark ya jimbo la Ohio, mwaka 1902 mwalimu A. B. Graham aliwakusanya wavulana na wasichana katika chama cha kujifunza kilimo kwa vitendo. Chama hicho huhesabiwa kuwa mwanzo wa vyama vya 4-H. Kenya nasi tukaanzisha 4K mwaka 1962, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Vyama vya 4K vilipungua nguvu kwa miaka mingi, kisha mwaka 2021 Serikali ikavifufua shuleni. Na mtaala mpya unaofuata umilisi, ulioanza kutumiwa nchini kote mwaka 2019, unawataka watoto watende kwa mikono na si kukariri tu. Mwalimu anafanya sehemu yake. Lakini kuku wa shule hufundisha jinsi ya kufuga. Ni kuku wa nyumbani tu awezaye kufundisha maana ya mali, na mwalimu wa somo hilo ni baba na mama.

Haifai nimalize bila kuwapa kazi ya mikono. Hii hapa moja inayofaa nchi yetu ya baridi, kwa kuwa Eldoret iko juu yapata mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya Julai huua vifaranga wengi. Kazi yenyewe ni sanduku la nyasi la kulelea vifaranga, nalo halitumii makaa wala stima.

Tafuteni mbao za masanduku. Tengenezeni sanduku lenye sentimita 60 kila upande na kimo cha sentimita 25. Ndani yake fanyeni duara kwa kipande cha waya wa matundu au kadibodi ngumu, na kati ya duara hilo na mbao mshindilie nyasi kavu. Chini mtandike nyasi laini, na juu mfunike kwa gunia lililojazwa nyasi kama mto. Vifaranga wakiwa ndani hujipasha joto kwa miili yao wenyewe, na nyasi hulizuia joto lisitoke. Acheni tundu dogo la kutokea, na matundu ya hewa karibu na kifuniko. Nje ya tundu zungusheni uwanja mdogo wa waya wenye chakula na maji. Nyasi zikilowa zibadilisheni, kwa maana unyevu ni adui.

Lakini sanduku hili halifai vifaranga wanne au watano, maana joto lao halitoshi. Linataka wasiopungua ishirini na wasiozidi hamsini. Kwa hiyo watoto wa nyumba mbili au tatu na wapatane. Wawalalishe kuku wao mayai siku moja, na baada ya siku 21 wawakusanye vifaranga pamoja, kila mmoja akiandika idadi ya wake na kuwatia alama ya rangi. Kuku aliyeondolewa vifaranga hurudi kutaga mapema kuliko anayelea, na hiyo ni faida ya pili. Vilevile chanjo ya ugonjwa wa Newcastle inafaa kununuliwa kwa pamoja, kwa kuwa chupa moja hutosha kuku wengi na ikifunguliwa haiwekwi siku nyingi. Muulizeni mganga wa mifugo wa mahali penu. Kwa kawaida hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Wakati huu wote baba aweza kushika nyundo, na mama aweza kuchagua mayai, lakini mwenye kazi ni mtoto. Akikosea kipimo cha ubao, mwacheni apime tena.

Basi, wakulima wenzangu, ombi langu ni dogo. Mwezi huu kila mtoto wa nyumbani, wa kiume na wa kike, apewe kitu kimoja cha kutunza: kuku, sungura jike, au gunia la mboga. Itajeni zawadi hiyo mbele ya mama, nyanya na ndugu zake, ili wawe mashahidi. Andikeni siku na mwezi katika daftari. Kuku akifa kwa uzembe wa mtoto, hasara iwe yake. Msimnunulie mwingine upesi, kwa kuwa mwenye mali ndiye anayepata na ndiye anayepoteza. Na mkihitaji kukopa, kopeni kwa adabu, mkalipe kwa siku mliyotaja.

Wazazi wetu walitaabika sana ili mtu apate kusema mbele ya kipande cha ardhi, "Hiki ni changu," asiondolewe na mtu. Wakapata, nasi tukarithi. Tusiwanyime watoto wetu neno hilo katika ua wa nyumba yao wenyewe. Na siku mnunuzi atakapofika mlangoni akitaka yule jogoo mwekundu, usimtajie bei. Mwite mwenye jogoo.